Uzoefu wangu wa Misali: niliambiwa bahari naijua

Tathmini hii nilianza kuiandika kwa nia moja tu, ya kumzuia kila atakayeisoma asisafiri na kampuni iliyonipeleka kisiwani Misali, karibu na Pemba, na sina hakika kama nikifika mwisho wake nitakuwa bado na nia hiyo hiyo. Jina la kampuni silitaji. Ilikuwa mwishoni mwa kaskazi, si zamani sana, nami nilikuwa nimetoka Unguja kwa meli ya usiku, nikashuka bandari ya Mkoani, Pemba, alfajiri, nikapanda daladala hadi Chake Chake, na kutoka hapo nikafika Wesha, wanakopandia boti za Misali, mkoba ukiwa mgongoni na moyo ukiwa mweupe kabisa. Safari niliyoilipia ilikuwa ya siku moja, ya kuogelea juu ya matumbawe kwa miwani ya kuzamia na mrija, kisha chakula cha mchana ufukweni.

Nilitoa salamu. Kijana aliyekuwa akipokea wasafiri hakuijibu, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa swali: "Mgeni wako yuko wapi?" Nikamwambia kwamba mgeni ni mimi mwenyewe. Akaniangalia tangu kichwani hadi miguuni, akautazama mtandio wangu, akaitazama karatasi yake, akalikuta jina langu limeandikwa pale na alama ya malipo ikiwa mbele yake, na hata baada ya hapo hakuomba radhi, bali alininyooshea mkono kuelekea nyuma ya boti, karibu na injini, yalipowekwa makapu ya chakula na sanduku la barafu. Hilo ningelisamehe. Mimi ni mzaliwa wa mjini Unguja, na ninaelewa kwamba vijana wengi wa kazi hii hawajazoea kumwona mwanamke wa Kizanzibari akijilipia matembezi ya namna hii kwa fedha zake mwenyewe, akiwa hakufuatana na mzungu wala hakuja kutafuta riziki kwake.

Nisiloweza kulisamehe ni lililofuata. Kabla ya kuondoka aliwakusanya wageni wanne waliokuwa mbele, akawaeleza kwa utulivu jinsi ya kuivaa miwani, jinsi ya kuyapuliza maji yakiingia kwenye mrija, ishara gani ya mkono itumike mtu akipatwa na shida, na sehemu gani ya kisiwa wasiivuke. Akampa kila mmoja jaketi okozi, akazikaza kamba zake kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa mita tatu kutoka hapo. Nikangoja zamu yangu, nikaona anaiagiza boti iondoke, ndipo nikamwuliza: "Na mimi jaketi langu?" Akanijibu, wala hakunijibu kwa ukali, na pengine ndiyo maana limenikaa kifuani hadi leo: "Wewe dada si wa hapa hapa? Bahari si unaijua?" Kisha akatia mkono ndani ya ndoo, akanipa miwani iliyobaki chini kabisa.

Bahari siijui. Nimekua nikiiona kila siku, nimekula vyake, nimeisikia usiku kutoka dirishani, lakini kuogelea nilijifunza nikiwa nimeshapita miaka thelathini, kwa sababu katika mtaa wetu wavulana ndio waliokuwa wakiruka gatini na sisi wasichana tulibaki kuwashikia nguo zao. Wanawake wa visiwa hivi walio katika hali yangu ni wengi, na mtu anayefanya kazi ya bahari Pemba hawezi kusema kwamba halijui hilo. Tena sisi si watu wa kuambiwa maneno kama yale. Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama usiku katika mkondo wa Nungwi ikiwa inatoka Unguja kuja Pemba hii hii, na walionusurika walisimulia jinsi watu walivyoelea juu ya magodoro. Julai 2012 ikafuata MV Skagit, karibu na Chumbe. Waliosomewa hitma baada ya hapo walikuwa watu wa hapa hapa. Bahari haikumwuliza yeyote kati yao amezaliwa wapi.

Nasema haya kwa sababu nimeshaona kazi hii ikifanywa vizuri, tena na watu wasio na bahari. Kiasi cha mwaka mmoja kabla ya hapo nilifunga mkoba nikaondoka peke yangu kwenda Uganda, kwa meli hadi Dar es Salaam, mabasi hadi Bukoba, kisha mpaka wa Mutukula, Kampala, na mwisho Jinja, pale Mto Naili unapotoka Ziwa Viktoria. Nilikwenda kushuka mto kwa mtumbwi wa mpira, katika maji ambayo baadhi ya maporomoko yake yamepewa daraja la tano kati ya madaraja sita ya ugumu, na la sita watu hushuka wakalizunguka kwa miguu. Mwongozaji wetu aliuliza mambo mawili kabla hatujayagusa makasia: nani hajui kuogelea, na nani anajua lakini anaogopa. Niliinua mkono kwa hilo la pili. Hakucheka. Alinikazia jaketi, kisha akalivuta mabegani kwa nguvu aone kama litanipanda hadi masikioni, akanifunga kofia ngumu, akatupeleka penye maji yaliyotulia na kuupindua mtumbwi makusudi, ili kila mmoja wetu ajue kukoje kuwa chini yake, ajifunze kuishika kamba ya pembeni, na kulala chali, miguu mbele, pindi mkondo ukimchukua. Safari nzima walikuwapo vijana katika mitumbwi midogo ya mtu mmoja mmoja, na kazi yao ilikuwa kuwaokota watu tu. Tulipinduka mara mbili. Mara ya pili nilikunywa maji mengi, na kabla sijamaliza kukohoa mmoja wao alikuwa ameshanifikia na kuniambia nishike ncha ya mtumbwi wake. Hakuna hata mmoja kule aliyeniambia kwamba mimi ni Mwafrika kwa hiyo mto naujua.

Basi Misali. Boti ilitia nanga upande wa magharibi, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi, mkondo ukitembea. Nilishuka nyuma ya wenzangu nikiwa nimevaa nguo yangu ndefu ya kuogelea na mtandio mwembamba nilioukaza kichwani, na sijafika mbali nikahisi maji yanaingia kwenye miwani kwa chini, kidogo kidogo, yakafika puani. Niliitoa, nikayamwaga, nikaivaa tena. Mkanda ukateleza, kwani kumbe mpira wake ulikuwa umepasuka penye kifungo, na sasa nilikuwa nashika miwani kwa mkono mmoja na kuogelea kwa mwingine. Nilipoinua kichwa, boti ilikuwa mbali kuliko nilivyodhani. Nikampungia mkono yule kijana, aliyekuwa na wageni wake kiasi cha mita ishirini. Naye akanipungia, akatabasamu, akaurudisha uso majini. Ishara ya kuomba msaada alikuwa amewafundisha wale wanne, mimi sikufundishwa, na mkono wangu ulikuwa kwake ni wa salamu.

Aliyeniona ni mzee aliyebaki botini kuangalia nanga. Alirusha kamba, ikaanguka karibu na bega langu, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, kana kwamba tumekaa barazani: "Shika, mwanangu, usipigane na maji." Alinivuta, akaniketisha, akaniachia nipumue, na shikamoo yangu akaipokea kama kwamba hakuna lililotokea. Kisha akaichukua ile miwani. Alikata kipande cha mshipi wa kuvulia, akautoboa mpira kwa ncha ya kisu pande mbili za pale palipopasuka, akaupitisha mshipi mara tatu na kufunga fundo dogo ambalo sikuweza kulihisi kwa kidole. Akaniambia niiweke usoni bila ya mkanda na nivute pumzi kwa pua. Ikishika yenyewe ni nzima, isiposhika kuna mahali panapitisha. Haikushika. Akautazama uso wangu kwa heshima, akanyoosha kidole bila ya kunigusa: "Ukingo wa mtandio umeingia ndani ya mpira. Urudishe nyuma kidogo tu, kwenye paji." Niliurudisha kiasi cha upana wa kidole, nikavuta pumzi, na miwani ikaniganda usoni.

Hilo ni jambo la nusu dakika. Pemba karibu kila mwanamke atakayeingia katika boti ile atakuwa amejifunika kichwa, na mwongozaji anayelipwa kwa kazi hiyo alikuwa hajui, au hakuona haja ya kulisema.

Mzee alitoa jaketi chini ya ubao aliokuwa ameukalia, nikafahamu kuwa lilikuwa lake, akanivalisha na kunipa somo ambalo nilistahili kupewa tangu Wesha: siku za bamvua mtu aanze kwa kwenda kinyume cha mkondo wakati bado ana nguvu, ili akichoka maji yenyewe yamrudishe chomboni. Nilishuka tena. Na hapa ndipo ninaposhindwa kuishikilia hasira yangu, kwa sababu niliyoyaona sijapata kuyaona. Matumbawe yalikuwa yamejipanga hadi ukingoni, na baada ya ukingo chini hapakuwa na kitu, ukuta ukishuka moja kwa moja ndani ya buluu nzito ya Mkondo wa Pemba. Samaki aina ya pono walikuwa wakiyaguguna matumbawe na nikawa nasikia meno yao, kweli nayasikia, kama mtu anayetafuna bisi chumba cha pili. Kasa mmoja, ng'amba, alipita chini yangu bila ya haraka yoyote. Nililia ndani ya miwani, na miwani haikuvuja.

Chakula kilikuwa kizuri. Adhuhuri tulisali ufukweni, mzee akiwa mbele yetu, katika kisiwa ambacho wazee wa Pemba husimulia kwamba Hadhrat Khidhri alipokosa msala wa kusalia alikifanya chenyewe kuwa mfano wa msala, kwa jinsi kilivyoelekea kibla. Yule kijana alisali pamoja nasi. Baada ya hapo aliniletea maji ya kunywa, akachutama mbali kidogo, na nilipomweleza, kwa sauti ambayo nakiri haikuwa ya upole, kwamba ningeweza kufa mbele ya macho yake, hakujitetea. Alisema: "Mimi mwenyewe, dada, siku naajiriwa sikufundishwa kuokoa mtu. Niliambiwa, wewe kijana wa Pemba, bahari unaijua." Maelezo yale anayowapa wageni aliyakariri kwa kumsikiliza mwenzake aliyeacha kazi.

Sikujua nimjibu nini. Tangu asubuhi nilikuwa nimemwekea yeye ghadhabu yangu yote, na ghafla nikaona kwamba tumeambiwa sentensi moja sisi sote wawili, yeye ili anyimwe mafunzo na mimi ili ninyimwe jaketi. Niliporudi Unguja nilipiga simu ofisini kwao. Bwana aliyepokea alinisikiliza, akasema amesikitika, akaniahidi punguzo safari nyingine. Nikamwambia sitaki punguzo, nataka kujua boti ile ina majaketi mangapi na abiria wangapi, na ni nani miongoni mwa wafanyakazi wake aliyepata mafunzo ya uokoaji. Akasema atanipigia. Hajanipigia.

Kwa hiyo nikiulizwa leo niseme msiende, nitasema msiende. Halafu namkumbuka ng'amba yule na ule ukuta wa matumbawe, na maneno yanarudi mdomoni. Kwenda Misali nendeni, na hasa wanawake wenzangu mliozaliwa kandokando ya maji haya msiowahi kuona yaliyomo ndani yake. Msikubali tu boti iondoke Wesha kabla jaketi halijakazwa mwilini mwenu na miwani haijashika usoni bila ya mkanda, na mkiambiwa kuwa bahari mnaijua, shukeni mdai fedha yenu. Kampuni hii siipendekezi. Mzee yule, kama bado yumo, ningempa roho yangu aipeleke popote.

Nimeshanunua miwani yangu mwenyewe. Kaskazi ijayo, inshallah, narudi Wesha, na kijana nikimkuta nitamsalimia kwanza, kisha nitamwuliza kama wameshamfundisha.