Sketibodi ya Samaki Iliyotokana na Nyavu Kuukuu: Nimeipanda Pekupeku!

Asalaam aleikum wapendwa, karibuni tena. Leo sina subira, kwa hiyo tazameni hiki kwanza. Tazameni mkia! Umepasuka katikati kama mkia wa kibua. Kichwa hiki hapa, tumbo hili. Jirani yangu alipouona aliniuliza kama ni pambo la ukutani. La, ni sketibodi ya kupanda, na kabla ya kuwa ubao ulikuwa wavu wa mvuvi. Naam, wavu wa kuvulia samaki.

Inaitwa Minnow, jina la visamaki vidogo vya mtoni, na imetoka kampuni ya Bureo. Neno hilo ni la watu wa Mapuche wa Chile, maana yake mawimbi. Vijana watatu wa Marekani walianza kazi hii mwaka 2013: wakaenda kwa wavuvi wa pwani ya Chile, wakakusanya nyavu zilizochakaa. Zinasafishwa, zinakatwakatwa, zinayeyushwa, halafu zinasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Ubao mmoja unakula wavu wa zaidi ya futi 30 za mraba. Kamera, geuka hapo sakafuni. Mnauona ule mkeka? Wavu wenyewe ungeufunika wote na kubaki.

Magurudumu, beringi, ekseli, hayo mnayajua, sitawachosha. Urefu inchi 25, basi. Ni ubao wa kuzunguka mtaani na kukimbilia dukani. Ukitaka kuruka ngazi tafuta mwingine.

Kilichonileta hapa leo ni magamba. Sogea karibu na kamera. Karibu zaidi. Mnayaona? Uso wote wa ubao umechorwa magamba ya samaki, na kila gamba limeinuka kidogo. Sasa huu hapa ubao wangu wa zamani, wa mbao, una msasa juu kama bodi nyingi. Sikilizeni nikipitisha kucha... krrrr. Msasa huo ndio unaoshika kiatu, na kwa kiatu sina neno nao. Lakini sisi huku Mombasa, jua la saa nane, nani ana hamu ya raba na soksi? Ukipanda pekupeku, msasa unakula kisigino. Nimeshatembea siku tatu kwa ncha za vidole kwa ajili ya msasa.

Haya, navua malapa. Mguu mtupu, naukanyaga samaki. Nasukuma... nageuka... narudi. Umeuona unyayo? Haukuteleza! Narudia, safari hii mwangalie kidole gumba. Kimekaa kwenye ukingo wa gamba kama mtu aliyeshika ngazi. Na mchanga je? Kwenye msasa mchanga wa ufuo unaganda hata ukisugua vipi. Hapa nachota maji kopo moja, namwaga, umekwisha. Ila uache ukauke kabla ya kupanda. Plastiki iliyolowa sishauri, uwe ubao wa nani. Ngoja niurudie mzunguko mmoja tena, maana raha yake siwezi kuieleza kwa maneno.

Najua mtaniuliza, na Penny je? Vile vibodi vya plastiki vya Australia vya rangirangi, vilivyotoka 2010, navyo havina msasa juu. Sikatai. Mimi nimejifunzia hivyo, na wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wangu bado ninao, hautoki nyumbani. Lakini huu una kisa ndani yake, na kisa hicho kinanigusa kwa sababu babu yangu alikuwa mvuvi. Jarife likichakaa alilishona, akalishona tena, mwisho likatupwa. Na wavu wa nailoni ukipotea baharini hauozi upesi kama kamba ya zamani. Unaendelea kuvua peke yake, samaki wananasa, wanakufa, hakuna anayewala.

Halafu linganisheni na ule ubao wa damu wa 2021, mnaukumbuka? Tony Hawk, yule bingwa wa sketibodi wa Marekani aliyezunguka hewani na ubao wake mara mbili na nusu mwaka 1999, alitolewa damu, ikachanganywa kwenye rangi nyekundu, zikapakwa bodi 100. Waliozitoa ni Liquid Death, wauza maji ya kunywa ya makopo. Bei ilikuwa dola 500 kila moja, na zikaisha. Hawk namheshimu sana, ila damu ya mtu mimi siikanyagi, hata ningepewa bure.

Bei ya huu? Mimi nimeupata mtumba kwa shilingi elfu tisa, kwa rafiki aliyerudi nao kutoka ng'ambo, baada ya kumsumbua miezi mitatu. Mpya ni ghali zaidi, na hapo bado usafiri na ushuru. Hili ndilo linaloniuma. Nyavu kuukuu tunazo, nendeni bandarini kokote mkaone. Mafundi tunao pia: Lamu walijenga Flipflopi, jahazi la taka za plastiki lililovikwa malapa elfu 30, likashuka majini 2018, na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Watu waliounda jahazi zima watashindwa na ubao wa inchi 25? Fundi yeyote mwenye kalibu anayenisikia, niandikie hapo chini. Nyavu nitakuletea mwenyewe.

Kabla sijashuka, wiki ijayo nawaletea habari ya Norway, nchi iliyopiga marufuku sketibodi kuanzia 1978 mpaka 1989. Bonyezeni kengele isiwapite. Na wale mliouliza kuhusu fulana za chaneli, zinachapwa, Ijumaa natangaza saizi.

Sasa tuko juu hapa Mama Ngina, njia ni laini na bahari ile pale. Tuwapishe kwanza akina mama hawa wapite... Shikamoo mama. Haya, kamera iko tayari? Pekupeku mpaka kule kwenye muuza mihogo. Moja, mbili...