Asali ya Liwale katika duka la mazao ya nyuki, Lindi mjini

Duka hili dogo lililo jirani na soko la Lindi mjini huuza asali na nta, na linalolitofautisha na meza nyingi za barabarani ni kwamba muuzaji hueleza waziwazi asali imerinwa wapi na msimu gani. Niliyonunua ilitoka katika misitu ya miombo ya Liwale. Ni nzito, ya rangi ya kahawia iliyokolea, wala hainuki moshi, ishara ya mrinaji mwenye subira. Wateja wengine huikataa ikiganda, wakidhani imetiwa sukari, ilhali kuganda ni tabia ya asali yenye glukosi nyingi. Chupa ikiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu, asali hulainika bila kupoteza harufu yake.

Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni ghali zaidi, nami naona inastahili bei yake. Ni nyepesi, ina uchachu wa kupendeza, na kijiko kimoja kabla ya kulala hutuliza koo lenye kikohozi. Kwa kuwa ina maji mengi kuliko asali ya kawaida, huchachuka upesi. Heri kununua kidogo na kuihifadhi mahali penye baridi.

Nta yao ndiyo iliyonifurahisha kupita yote. Ni safi, ya manjano, na huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64. Naiyeyusha katika bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe kwa kuwa hushika moto, kisha nachanganya na mafuta ya nazi kwa ajili ya magaga ya miguuni. Inayobaki nasugulia viti vya mbao, navyo hung'aa vizuri.

Lebo, hata hivyo, inanisikitisha. Imeandikwa kwamba asali inatibu kisukari, ilhali takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, na mgonjwa akiamini maneno hayo anaweza kudhurika vibaya. Pia haina onyo kwa watoto walio chini ya mwaka 1, ambao asali inaweza kuwaletea botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hata ile ya kupumulia. Zipo nyumba ambamo kichanga hulambishwa asali kwa nia njema kabisa, kwa hiyo onyo hilo lilipaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la duka. Nilimweleza muuzaji, naye akanisikiliza kwa adabu. Lebo mpya bado sijaiona.