PDF za kiufundi kwenye E Ink: ipi ununue, ipi uache

Wadau, kama wewe ni mtu wa riwaya usijichoshe, chukua Kindle yoyote (kisomeo cha vitabu cha Amazon) ya bei poa ukalale nayo. Kasheshe inaanza pale PDF zako ni manyuali za mashine, vitabu vya hesabu vilivyojaa fomula na majedwali, au peipa za utafiti, maana PDF ukurasa wake umeshapangwa na hauguswi, ukikuza herufi maneno hayajipangi upya kama kwenye EPUB (aina ya faili za riwaya), unaanza kuburuta ukurasa kushoto kulia kila mstari na E Ink yenyewe (skrini ya wino wa kielektroniki) inajichora taratibu, ni adhabu.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei chukua rula. A4 ina upana wa mm 210, toa pambizo za mm 25 kila upande, maandishi yanabaki mm 160. Hiyo 160 ndo ya kukaa nayo kichwani, majina ya kampuni baadaye.

Namba moja kwangu ni skrini ya inchi 10.3 (ikipimwa pembe kwa pembe), na humo ndani naanza na Boox Note Air. Skrini ina upana wa kama mm 157 kwahiyo ukishakropu (kukata) pambizo unasoma karibu saizi ileile ya kwenye karatasi, urefu tu ndo hautoshi, kipande cha chini unakisogeza. Inatumia Android so unaweka programu yoyote ya PDF unayoipenda, ila chaji inakwenda haraka kuliko Kindle, hilo lijue mapema. Kobo Elipsa ni saizi hiyohiyo, programu yake ya PDF ya kuzaliwa nayo ni ya kawaida mno lakini ipachike KOReader, programu ya kusomea ya bure kabisa, inakuwa kitu kingine: inakropu pambizo yenyewe, na zile skani zilizofifia za vitabu vya zamani unaziongezea weusi mpaka zinasomeka.

Namba mbili ni inchi 13.3. Skrini ni mm 203 kwa 270, yaani A4 nzima inaingia bila kukropu wala nini, inapungua kidogo tu, na kama kazi yako ni michoro ya saketi au ramani za majengo basi kwako hii ndo namba moja, sibishani. Mimi naishusha sababu ya bei, na kwenye daladala hulitoi hilo sinia. Ukikuta Sony DPT-RP1 ya mtumba, ile ya 2017, ni nyepesi ajabu (gramu 349) ila haina taa, inafungua PDF tu, na Sony walishaachana na biashara hiyo.

Tatu, inchi 7.8, na hapa watu wengi hawajui: kilaze kifaa ubavu, upana unakuwa mm 158! Unasoma ukurasa nusunusu lakini herufi haipungui. Kwa mwanafunzi mwenye bajeti ndogo mi ningeenda hapa.

Kindle Scribe ya 2022 ina skrini kali, inchi 10.2 na ppi 300 (nukta kwa kila inchi), nimeiweka ya nne kwa sababu moja tu, imefungwa, KOReader haiingii mpaka uivunje kufuli na sio kila mtu ana moyo huo. reMarkable 2 ni tamu kuandikia lakini haina taa, umeme ukikatika usiku na kitabu kimefungwa.

Halafu inchi 6. Ukurasa wa A4 ulioshakropiwa unabanwa kwenye mm 91, herufi ya pointi 10 inakuwa kama 5.7, macho yatakufa. LAKINI peipa za IEEE (chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki) zina safu mbili, kila safu inchi 3.5 ambayo ni mm 89, sasa ukisoma safu moja moja inaenea kabisa saizi halisi. Pitisha faili kwenye programu ya k2pdfopt kwenye kompyuta, itakukatia safu. Kama unasoma peipa tu, usimwage hela kwenye likubwa.

Skrini za rangi (aina ya Kaleido 3) rangi zake ni ppi 150 tu na skrini inakuwa na kijivu, achana nazo labda grafu zako hazieleweki bila rangi.

Na hakuna hata moja hapo juu itakayokusaidia kuchakura manyuali kama ya chipu ya STM32F4, kurasa zaidi ya 1,700 unaruka huku na kule kutafuta rejista moja, hiyo fungulia laptop. E Ink ni ya kusoma kwa mfululizo.

Ukienda kununua used beba PDF yako korofi kuliko zote kwenye simu na waya, iingize palepale dukani, fungua ukurasa wenye fomula ndogondogo, pindua kurasa kadhaa, kisha weka ukurasa mweupe uangalie mistari isiyofutika. Ukiona hata mmoja rudisha, kioo cha ndani kikishaharibika kukibadilisha hakulipi.