TAHADHARI: Kuna mzee anauza boti za matanga "za familia", mkimwona kimbieni

Wakuu naomba msome mpaka mwisho na msambaze, hasa nyie mnaotafuta boti za matanga za zamani, zile za kulala ndani na kusafiria. Kuna mzee anauza boti "ya familia". Familia yenyewe hana. Ile familia aliyotuhadithia ipo kweli, ila si yake, na yale machozi aliyoyatoa mbele ya watoto wangu ni uongo mtupu. Jina lake siliweki hapa kwa sababu jambo liko polisi na mwanasheria amenikataza, lakini staili yake naieleza yote ili hata akibadili jina mumtambue.

Kwa nini tulikuwa tunatafuta boti na ile hela ilitoka wapi ni mambo yetu ya ndani, siyaelezi hapa. Ila ndiyo sababu nina hasira hivi.

Tangazo lake halikuwa na makeke. Boti ya faibaglasi ya miaka ya 70, mlingoti mmoja, injini ya dizeli, nafasi ya kulala watu sita, "imewalea wanetu watatu, sasa mwenzangu hayupo na mimi miguu imechoka." Bei haikuwa ya kutupa. Naomba hilo mlielewe kabla hamjaanza kuniuliza mbona sikushtuka, maana ingekuwa ya kutupa ningeshtuka. Ilikuwa bei ya kawaida kwa boti ya umri ule, na tulipoomba apunguze alipunguza kidogo sana tena kwa shingo upande, kama mtu anayeumia kweli.

Sasa sikilizeni tulipoingia ndani. Ukishuka ngazi, mkono wa kulia kuna meza ya ramani, na pembeni yake kuna ubao wa mbao ya mtiki una mistari ya penseli. Ni urefu wa watoto. Kila mstari una herufi moja na mwaka, 1984, 1985, 1986, inapanda hivyo, na ule wa chini kabisa hata kiuno changu haufiki. Mzee akaweka kidole pale chini akasema "huyu sasa ana watoto wake", akanyamaza, akageukia dirishani. Mke wangu akanishika mkono. Binti yetu mdogo, hakuna aliyemwambia, akaenda akasimama kwenye ule ubao mgongo umenyooka kama askari, na mzee akatoa penseli mfukoni akamchorea mstari wake na mwaka. Jamani. Penseli ilikuwa mfukoni! Mtu anayeonyesha boti ana tochi, ana funguo, ana kitambaa cha kufutia oili, penseli ya nini? Alikuja nayo. Alishajua mtoto atasimama pale kwa sababu nina uhakika wapo watoto wengine walioshasimama pale kabla ya wangu, wazazi wao ndio waliponyoka tu.

Halafu akatoa daftari la safari. Mwandiko wa mwanamke, mzuri, wino wa buluu, upepo umevuma kutoka wapi, nanga imetupwa kwenye kina gani, nani katapika, nani kaona pomboo wa kwanza. Akatusomea kurasa kadhaa kwa sauti, akifika kwenye vichekesho anacheka yeye kwanza. Akasema "mimi siuzi boti, natafuta familia ya kuirithisha." Mke wangu alilia. Mimi nilijikaza lakini moyoni nilishaamua.

Na msiseme tulikwenda kichwa kichwa. Niliuliza kila kitu cha kuuliza. Niliomba hati ya umiliki, akatoa, jina lake, namba ya bodi kwenye karatasi ni ileile iliyo nyuma ya boti upande wa kulia. Nikauliza mbona hati ina tarehe ya juzijuzi, akasema ilikuwa kwa jina la marehemu, ikabidi aihamishe. Nani atamhoji mjane kuhusu hati ya mkewe? Nikaomba ripoti ya mkaguzi wa vyombo, akatoa, imeandikwa na mkaguzi wa kweli mwenye leseni, nikampigia, akasema ndiyo niliikagua mimi, ilikuwa safi. Na kubwa zaidi, mzee mwenyewe alitutajia ubovu. Pampu ya choo inavuja, dirisha moja la juu la sitaha limepasuka, tanga la mbele limechakaa, nyaya za kushikilia mlingoti zimepita miaka kumi na bima wanaweza kudai zibadilishwe. Alitaja hata kabla hatujauliza, akaandika kwenye karatasi. Mtu akikutajia ubovu wa mali yake mwenyewe utamwitaje mwizi?

Tukalipa. Yote.

Wiki za mwanzo ilikuwa raha tupu. Kisha tukatoka siku ya upepo kidogo, mawimbi ya kawaida, na tuliporudi nikafunua mbao za sakafu kuangalia ngama, yaani kule chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika, nikakuta maji. Nikaonja, chumvi. Nikayakausha, siku ya pili yapo. Na kwenye nati moja ya bolti za mkuku (lile pezi zito la chuma chini ya boti linaloizuia isipinduke), ile ya nyuma kabisa, rangi ya kijivu imepasuka na inatiririka uchafu wa kahawia. Ndipo nikagundua ngama yote ilikuwa imepakwa rangi mpya. Boti ina karibu miaka hamsini, kila kona ina mkwaruzo, ngama peke yake inang'aa.

Tukaipandisha nchi kavu. Fundi hakusema kitu, alianza kugonga na kinyundo kidogo cha plastiki kuanzia omo, yaani mbele, kwenda nyuma, ko ko ko, sauti kavu kali, alipofika nyuma ya mkuku ikawa bu bu bu. Akakwangua rangi. Chini ya rangi puti, chini ya puti faibaglasi imepasuka nyufa nyufa. Ndani, mataruma mawili (mbavu za boti) ya nyuma ya mkuku yameachana na bodi, ukiingiza kisu kinapita. Fundi akanieleza: boti ikipanda mwamba, mkuku unasimama ghafla pale chini lakini uzito wa juu bado unakwenda mbele, kwa hiyo sehemu ya nyuma ya mkuku inasukumwa juu ndani ya bodi, ndiyo maana ubovu unakaa nyuma na siyo pale palipogonga. Mbele kwenye chuma walipiga msasa, wakapaka rangi, huoni kitu.

Nawaomba msilichukulie hili kama hasara ya hela tu. Mwaka 2014 boti ya matanga iliyoitwa Cheeki Rafiki ilichomoka mkuku katikati ya Atlantiki ya Kaskazini, ikapinduka, watu wanne wakafa. Wachunguzi wa ajali za majini wa Uingereza waliandika kwamba kugonga chini ya bahari mara kadhaa huko nyuma pamoja na matengenezo yaliyofuata huenda ndiyo yalidhoofisha pale mkuku unaposhikana na bodi. Mimi nilikuwa na watoto watatu kwenye ile boti. Huyu mzee alijua. Yeye ndiye aliyeagiza ipakwe puti, na alisimama pale akamchorea mwanangu urefu wake kwenye boti inayoweza kuacha mkuku baharini.

Jina la zamani la boti lilionekana wakati fundi anasugua shetri, yaani upande wa nyuma, kivuli tu cha herufi chini ya rangi. Nikalitafuta mtandaoni pamoja na namba ya bodi, nikampata mwenye herufi ya mstari wa chini kabisa. Ni mama mtu mzima sasa. Nilipomtumia picha ya ule ubao alikaa kimya muda mrefu ndipo akapiga simu. Boti ilikuwa ya wazazi wake, wote hai, WOTE WAWILI HAI, mwenye mwandiko wa wino wa buluu yupo na ana akili timamu. Dhoruba iliikata kamba ikapanda miamba, bima wakawalipa na kuichukua kama mabaki, na kwa ule mshtuko wakaacha vitu vingi ndani pamoja na daftari. Mzee aliinunua kama mabaki. Hati ni ya kweli, basi. Na ripoti ya mkaguzi ni ya kweli, ila ni ya kabla haijapanda mwamba, ilikuwa kwenye droo ya meza ya ramani na makaratasi mengine ya wenyewe. Mkaguzi hakunidanganya, aliulizwa kama aliikagua akasema ndiyo. Yule mama alikuwa analia kwenye simu akiuliza "mama yangu amemfanya marehemu?" Sikuwa na la kumjibu.

Nikampigia mzee. Alipokea, nikamtajia lile jina la zamani, akakata. Akanibloku, akambloku mke wangu, akambloku mpaka shemeji ambaye hata hajawahi kuongea naye. Haikuishia hapo, wakaja watu wa gereji ya boti alikoifanyia ile puti wanadai hela yao, hajawalipa, na kuna nchi ambako deni la chombo linafuata chombo, haliangalii nani kanunua kwa roho safi. Kwa hiyo boti mbovu, na deni lake juu.

Mtu kama huyu afanywe nini? Mimi nasema afungwe, na siyo miezi. Anyang'anywe kila alichonacho, apigwe marufuku kugusa chombo chochote cha baharini hata mtumbwi wa kuvulia. Na asimamishwe mbele ya yule bibi aliyemuua kwa mdomo wake, amwangalie usoni. Mtu anayeuza injini mbovu namwelewa, ni mwizi, wezi wapo. Huyu alichukua utoto wa watoto wa watu akaufanya chambo, akamtumia na mwanangu. Hasira yangu haitulii na sitaki itulie.

Haya, dalili, kwa harakaharaka maana watu wameanza kuniuliza inbox. Alikataa kuipandisha nchi kavu, alisema rangi ya chini ni mpya na mikanda ya winchi itaichubua, atatupa picha. Ukisikia hivyo ondoka, au ilipie mwenyewe ipandishwe, akikataa na hapo basi. Injini ilikuwa ya moto tulipofika, alisema ameipasha isitusumbue. Dizeli ya zamani iombe ikiwa baridi, hapo ndipo moshi wake unasema ukweli. Ngama iliyopakwa rangi mpya kwenye boti kuukuu. Ripoti ya ukaguzi ambayo hukuilipia wewe, muulize mkaguzi ni LINI aliikagua na kama ameiona tangu hapo. Jina jipya nyuma, uliza la zamani, kisha ulitafute wewe. Madeni, ulizeni kwenye msajili na kwenye gereji zote za pale inapoegeshwa. Na huo ubovu mdogo mdogo aliotuandikia kwenye karatasi, nimeshaelewa kazi yake, ulikuwa wa kutufanya tusiende kuangalia chini. Yapo mengine nitaongeza, sasa hivi kichwa kimejaa.

Sababu ya kuandika leo na siyo kesho ni hii: shemeji ameliona tangazo jipya. Boti nyingine, ndogo kidogo, maneno karibu yaleyale, "imewalea wanetu", safari hii wawili, na mwenzake tena hayupo. Kwenye picha ya tatu kuna mdoli wa kitambaa umewekwa juu ya mto kwenye kitanda cha mbele. Kama ndiye unayeongea naye na umeshatuma advansi, funga hii posti sasa hivi upige benki yako wajaribu kuizuia, kisha nitafute inbox nikupe namba ya faili la polisi ujiunge na sisi. Na kama wewe ndiye mwenye ule mdoli, nitafute pia.