Kushuka Kreta ya Ngorongoro na dereva anayejibu maswali ya wakunga

Gari zuri la kushuka nalo Ngorongoro utalipata bila taabu. Kazi ni kumpata mtu wa kukueleza unachokiona. Madereva wengi watakufikisha kwa simba upige picha, wakukimbize kwa faru upige picha, na kabla jua halijapungua mko kwenye mlima wa kupandia. Sisi ni wakunga na wauguzi wa wodi ya wazazi, wanawake watupu, tumechangishana fedha za likizo kidogo kidogo. Tulipokwenda kukodi gari Karatu tulimwambia mwenye kampuni mapema: tupe dereva atakayesimama tukimwambia simama, na atakayejibu habari za uzazi wa wanyama bila kuona haya. Akatupa kijana wa Kiiraqw, mpole, anayezungumza taratibu. Yeye nampa nyota tano. Safari nzima naipa nne, na nyota iliyopungua nitaieleza.

Tulishuka mwishoni mwa Juni kwa barabara ya Seneto. Juu ukingoni ukungu ulikuwa mzito na baridi kali, kwa hiyo mwenye mpango wa kwenda abebe koti la maana. Chini kulikuwa kweupe. Mbele kidogo ya Ziwa Magadi tukakuta simba wawili, dume na jike, wamelala peke yao mbali na wenzao. Magari mengine yalisimama, watu wakapiga picha, yakaondoka. Wetu alizima injini akasema, "Mama zangu, hawa hawajalala. Hawa wako fungate."

Jike akainuka. Akapita mbele ya pua ya dume, mkia ameupinda pembeni, akajilaza kifudifudi. Dume akampanda, akamshika shingo kwa meno pasipo kumjeruhi, akanguruma, ikaisha kabla sijaiweka darubini sawa. Papo hapo jike akageuka kwa ukali na kumrushia kucha. Dume akaruka pembeni. Jike akajibwaga chali, akagaagaa kwenye nyasi, miguu juu, macho nusu.

Hapo maswali yakaanza, na hapo ndipo nilipoona thamani ya fedha yetu. Alitueleza kwamba jike akiwa kwenye joto hukaa hivyo siku nne hivi, wakirudiana kila baada ya robo saa au nusu saa, usiku na mchana. Uume wa simba dume una vimiba vidogo, na yai la jike halitoki kwa tarehe kama letu. Linatoka kwa sababu ya kupandwa. Pamoja na kazi yote hiyo, mara nyingi siku zinakwisha bila mimba. Ikishika, atazaa baada ya miezi mitatu na nusu au zaidi kidogo. Alivitaja viungo kwa majina yake, kwa Kiswahili safi, bila kucheka na bila kutafuta maneno ya kuzunguka. Nimesikia wahudumu wa afya wasioweza hilo mbele ya mgonjwa.

Mkubwa wetu, mama aliyestaafu baada ya kuzalisha nusu ya wilaya, akamuuliza: "Sasa mwanangu, huyu anaumia au anaona raha?" Kijana hakukimbilia kujibu. Akasema, "Mama, tuangalie nani atainuka kwanza." Tukakaa kimya. Aliyeinuka alikuwa jike. Akamwendea dume aliyekuwa amejilaza, akajisugua ubavuni kwake, na mambo yakaanza upya.

Jibu hilo nalipenda kwa sababu halimvishi simba moyo wa binadamu, wala halimfanyi kuwa mashine ya kutoa watoto. Kwa miaka mingi watu wamefundishwa kwamba mnyama hupandana kwa ajili ya kuzaa tu, basi. Lakini mwili unasema mengine. Mwaka 2022 mwanabiolojia Patricia Brennan na wenzake walichapisha uchunguzi wa kinembe cha pomboo jike: kimejaa mishipa ya fahamu na nyama inayovimba kwa damu. Na pomboo hujamiiana mwaka mzima, hata wakati ambao mimba haiwezekani. Bonobo wa Kongo, jamaa wa karibu wa sokwe, majike kwa majike, hukumbatiana na kusuguana vinembe, mara nyingi wanapokuta chakula kingi, na ugomvi unapoa. Mimba haimo kabisa pale. Mtu atuambie basi wanafuata nini.

Fisi ndiye aliyetushika zaidi, kama mlivyotegemea kwa wakunga. Gari lililosimama jirani yetu, dereva wake alikuwa anawaambia abiria kwamba fisi ni huntha, mwaka huu dume, mwakani jike. Wetu alisubiri mpaka wakaondoka ndipo akatusahihisha. Fisi madoa jike ni jike. Kinembe chake ndicho kimerefuka mpaka kikafanana na uume, na uke hauna mlango mwingine: anakojolea humo, anapandwa humo, anazalia humo. Dume hawezi kumlazimisha. Jike asipotulia na kukirudisha kiungo ndani, hakuna kinachowezekana. Tena majike ndio wakubwa wa ukoo. Watafiti wanawafuatilia fisi wa kreta hii tangu 1996, koo nane, na wameona kwamba jike kijana huwaelekea madume waliozaliwa au waliohamia kwenye ukoo baada ya yeye kuzaliwa. Kwa njia hiyo baba yake anakuwa ameshaepukwa.

Uzazi wenyewe ni mgumu. Njia ni ndefu na ina kona, kamba ya kitovu ni fupi kuliko njia, na kwenye uzao wa kwanza kiungo huchanika. Watoto wengi wa mimba ya kwanza hufia njiani. Gari zima lilinyamaza. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu anayemkumbuka.

Mbuni tulimwona akicheza: shingo na miguu imeiva wekundu, amepiga magoti, mabawa anayapepea huku na huku, jike anatembea kama hamwoni. Nyumbu madume walikuwa wanafukuzana na kukoroma, kila mmoja na kipande chake cha uwanja. Faru tulimwona kwa mbali sana, doa jeusi tu.

Sasa nyota iliyopungua. Chakula cha boksi kilikuwa cha kusikitisha: kuku mkavu, mkate umelowa juisi. Kampuni irekebishe hilo. Kioo cha siti ya nyuma hakifunguki, na aliyekaa pale alilipa sawa na sisi. Pale Ngoitokitok, mahali pa kupumzikia na kula chini kreta, kuleni ndani ya gari, maana mwewe wanashuka na kunyakua nyama mkononi mwa mtu, na kucha zao zinakata.

Jambo lililoniudhi zaidi halikuwa la kampuni yetu. Gari moja la watu wengine lilisogea mpaka likakaa kati ya wale simba wawili, abiria wakipiga kelele na miluzi. Jike akaondoka, dume akamfuata, na tuliokuwa tumesubiri kwa adabu tukabaki tunatazama migongo. Dereva wa namna hiyo mwambieni arudi nyuma, hata kama nanyi ni abiria wake. Ninyi ndio mnaolipa.

Kwa wanaotaka kwenda: kiingilio cha Mtanzania ni nafuu mno kuliko cha mgeni, kwa hiyo gharama kubwa ni gari; jazeni siti zote. Shukeni asubuhi mapema iwezekanavyo. Na kabla ya kulipa, ongeeni na dereva mwenyewe, si na mtu wa ofisini. Mwulizeni jike la fisi linazaaje. Akicheka au akisema ni huntha, ombeni mwingine.