Nimejaribu ulinzi wa wizi wa Android kwenye simu kuukuu

Android 16 ilipotoka Juni 2025, wapenzi wenzangu wa teknolojia walisifia sura tu: arifa inayokuonyesha chakula ulichoagiza kimefika wapi, na baadaye kidogo rangi mpya na vitufe vinavyodundadunda. Nimeichezea kwenye Pixel, simu ya Google, ya rafiki yangu. Inapendeza, basi. Kilichonikuna mimi kipo kwenye simu yangu ya Android 12, ambayo haitarajiwi tena kupata toleo jipya.

Naongelea ulinzi wa wizi. Google waliutangaza Mei 2024, wakaanza kuujaribu Brazil, halafu wakausambaza kupitia huduma za Google Play, programu ya Google inayojisasisha yenyewe ndani ya simu, badala ya kuufungia ndani ya toleo jipya. Ndiyo maana mpaka simu za Android 10 zinaupata. Hii ndiyo aina ya kitu kipya ninayoitaka, inayomfikia na mwenye simu ya mtumba.

Ulinzi huu una kufuli tatu. Ya kwanza inafuatilia mwendo. Simu ikinyakuliwa ghafla, mtu akatimua mbio au akarukia pikipiki, skrini inajifunga. Nikampa mpwa wangu kazi ya ukibaka. Nimesimama nje ya geti, WhatsApp iko wazi, kapita kama upepo kaikwapua. Hajafika hata dukani kwa Mangi, skrini imeshajifunga, anabonyeza tu inadai alama ya kidole. Ila Google wenyewe wanaeleza kwamba simu iliyoshikana vizuri na Wi-Fi au Bluetooth inaweza isijifunge, kwa hiyo wewe unayetembea na vipokea sauti masikioni, usijiamini sana.

Ya pili inaifunga simu iliyo wazi ikikatiwa mtandao kwa muda. Vibaka wanajua kuzima data, na hapa ndipo inapowakamata.

Ya tatu ndiyo kipenzi changu. Unaazima simu ya mtu yeyote, unaingia android.com/lock, unaandika namba yako ya simu, unapita hatua fupi ya uhakiki, simu yako iliyoibwa inafungwa kwa mbali. Nenosiri halihitajiki! Kwa huku kwetu hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Shangazi yangu Gmail yake alifunguliwa na kijana wa duka siku aliyonunua simu, na nenosiri analijua huyo kijana, kama bado analikumbuka. Ukimwambia shangazi aingie kwenye akaunti yake aitafute simu, unamwonea tu.

Masharti yapo: uwe umeiwasha mapema, namba iwe imethibitishwa, na simu iwe hewani. Ikiwa mwizi kashachomoa laini, unabaki na ile ya pili. Ndiyo maana nashauri uziwashe zote tatu kwa pamoja. Ingia Mipangilio, gusa Google, tafuta ulinzi wa wizi. Ya shangazi nimeshamwashia, sasa anataka nimwashie na ya shoga yake.