Kozi ya kuchambua hoja za waandishi: mwanzo inalipa, mwisho inachosha

Kazi yangu ni kuhariri makala za maoni, na nilichoka kumwambia mwandishi "hapa hoja imelegea" bila kuweza kumwonyesha imelegea wapi. Ndiyo sababu nikalipia kozi hii ya mtandaoni. Ni ya kujisomea: video fupi, kifungu cha maneno kati ya 300 na 700, kisha unaandika jinsi mwandishi alivyoijenga hoja yake. Hakuna anayekuuliza kama unakubaliana naye. Ukianza kutoa maoni yako mwenyewe unakatwa alama, na hilo nililipenda tangu mwanzo.

Anayeijua mitihani ya Marekani ataitambua asili ya mazoezi haya. Insha ya SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuoni, kwa muundo ulioanza 2016, ilimpa mtahiniwa kifungu kimoja na dakika 50, aeleze mwandishi anavyoishawishi hadhira yake. Mwaka 2021 College Board, taasisi inayoendesha mtihani huo, ilitangaza kuiondoa, isipokuwa katika baadhi ya majimbo, lakini kozi bado inakuwekea saa ya dakika 50 zile zile. Kama hujiandai kwa mtihani wowote, izime tu.

Masomo ya mwanzo ndiyo yenye thamani. Wengi wetu tulifundishwa zile njia tatu za Aristotle, yaani sifa ya msemaji, hisia za wasikilizaji na mantiki ya hoja yenyewe, tukaishia kubandika majina: hapa kagusa hisia, pale kaweka takwimu, basi. Mwalimu wa kozi hii hataki mchezo huo. Kila sentensi anaiwekea swali moja: ikiondolewa, msomaji atakwama wapi?

Kifungu kilichonishika ni cha mwandishi anayetaka taa za barabarani zizimwe kuanzia saa sita usiku. Anaanza na usingizi, anapita kwenye gharama za umeme, halafu katikati anasema, kwa ufupi, kwamba kweli wapo watu wanaojihisi salama zaidi penye mwanga, na hofu yao tuiheshimu. Ukisoma mbiombio unamwona muungwana anayeusikiliza upande wa pili. Mwalimu anaganda hapo karibu video nzima. Pingamizi lenyewe, anasema, lilikuwa usalama: mtu kugongwa na gari gizani, mtu kuvamiwa. Mwandishi amelipokea pingamizi hilo akalirudisha likiwa limegeuka kuwa hisia ya usalama. Ajali ingemdai ushahidi. Hisia inamdai huruma tu, na huruma ameshaitoa. Aya inayofuata inasonga mbele kana kwamba jambo limekwisha. Tena angalia alivyoipanga: maneno hayo yanakuja baada ya hesabu za gharama, msomaji akiwa ameshaitikia mara mbili tatu kwa kichwa. Yangekuja mwanzoni, yangezaa maswali.

Somo linalofuata linamleta Stephen Toulmin, mwanafalsafa wa Uingereza aliyeutoa mfumo wake 1958. Kuna dai, kuna ushahidi, na kuna kanuni inayokuruhusu kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye dai. Hiyo kanuni mara nyingi haiandikwi, na hapo ndipo pa kuchimba. Mwandishi wetu wa taa anasema baada ya saa sita barabara huwa karibu tupu, kwa hiyo taa zizimwe. Alichokinyamazia ni kwamba huduma isiyotumiwa na wengi haistahili kugharimiwa. Iandike waziwazi uione: kwa kanuni hiyo hiyo ungefunga na kituo cha zimamoto. Siku hizi nikipokea makala, hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta, na waandishi wamegundua (hawajafurahi wote).

Sasa kero. Majibu yako yanasahihishwa na programu, na programu haikumsikiliza mwalimu. Niliandika uchambuzi wa lile pingamizi lililogeuzwa, hatua kwa hatua, bila kutaja jina la mbinu hata moja. Nikapewa alama za wastani. Nikaongeza mwishoni sentensi tupu yenye takriri, tashbiha na maswali ya balagha, vitu ambavyo kwenye kifungu havimo kabisa, na alama zikapanda. Mwanafunzi wa sekondari asiye na mtu wa kumwongoza atajifunza somo baya hapo. Kusahihishwa na binadamu kunawezekana, lakini ni malipo ya ziada, na ukurasa wa mauzo hausemi hivyo mpaka umeshajiandikisha.

Nusu ya pili inajirudia mno. Vifungu vyote vimeandikwa na watu wanaojua kazi yao, wenye msimamo ulio wazi tangu aya ya kwanza. Hakuna hata kimoja kilichoshindwa, na hakuna cha kejeli, ambacho mwandishi anatetea jambo ili ulikatae. Mtu anayesoma makala za kweli hukutana na vyote viwili kila wiki.

Ningeipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Mwalimu wa lugha au mhariri atapata anachokitafuta kwenye theluthi ya kwanza, na anaweza kuachia hapo bila kujilaumu. Kabla ya kulipa, tazama somo la taa za barabarani, maana liko katika sehemu ya bure. Lisipokuvutia hilo, yaliyobaki yote hayatakuvutia.